Ulanzi wa Mwezi wa Saba

Macho ya Methusela Mgaya yalipogeuka manjano, wazee wa kanisa hawakuhitaji daktari. Walikuja watatu, Jumatano asubuhi, wakavua kofia mlangoni, wakakataa uji, wakamtazama mgonjwa kwa zamu kama watu wanaokagua ng'ombe mnadani. Kisha Mzee Festo, ambaye ndiye aliyejaliwa sauti, akasema kwamba baraza limekaa, limeomba, na limeona. Kilichoonekana ni kwamba Methusela anakunywa.

"Nakunywa nini?" Methusela aliuliza kutoka kitandani.

"Ndugu yangu, majina yake sisi hatuyajui. Sisi hatunywi."

Zipora, mkewe, alikuwa amesimama karibu na mlango na bakuli la uji walioukataa. Alitaka kucheka, lakini mtu hacheki mbele ya wazee wa kanisa, hasa wanapokuwa wameomba. Alijua, kama walivyojua majirani wote, kwamba Methusela hakuwahi kuonja ulanzi, pombe ya mianzi, tangu abatizwe. Mianzi iliyokuwa nyuma ya nyumba yao ilikuwa ya kusukia matenga na kujengea uzio, na kila mwaka masika yalipofika iliachwa ikue yenyewe, bila mtu kuikata ncha wala kuikingia chombo. Wapita njia waliwacheka kwa jambo hilo. Walisema kwa Mgaya hata mianzi ni Walutheri.

Lakini katika nchi ya Njombe mwaka ule wa hamsini na saba, ini lilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Mtu akiumwa mguu, ilikuwa mguu. Akiumwa kifua, ilikuwa baridi. Akiumwa ini, huo ulikuwa mwenendo. Tumbo la Methusela lilikuwa limevimba, ngozi imekuwa rangi ya boga, na kila aliyemtazama alisoma pale maisha ya siri ya vilabuni, ambayo yeye mwenyewe angependa sana kusimuliwa.

Mzee Festo akaeleza adhabu. Methusela ametengwa. Haruhusiwi kufika kwenye Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika wote na kurudi kundini. Akifa kabla ya hapo, mchungaji hatamzika, wimbo hautaimbwa, na kengele haitapigwa.

Hapo kwenye kengele sauti yake ilipungua kidogo, maana mpiga kengele wa kanisa alikuwa Methusela. Ndiye aliyewapigia wafu wa kijiji kizima kwa miaka yote ile, akiwamo mama yake Mzee Festo, siku ya mvua kubwa, wakati wengine walipokuwa wamejikinga ukumbini.

"Si sisi, mama," alimwambia Zipora akivaa kofia yake. "Ni utaratibu."

"Naona, baba. Utaratibu umekuja na wazee watatu."

Walipokwisha kwenda, Methusela aligeukia ukutani. Akasema hataki wimbo mrefu, wala hotuba hataki. "Kengele tu, Mama Idda. Watu wajue nimekwenda."


Methusela alikuwa ameajiriwa mwezi wa tano, mavuno yalipokwisha, katika ghala la posho kule Makambako, pale barabara itokayo Iringa inapogawanyika, moja kwenda Mbeya, nyingine kupanda Njombe. Kampuni iliyolima miwati, miti ya magome ya kulainishia ngozi, ilihifadhi pale unga, maharage, chumvi na mafuta ya kupikia kwa ajili ya vibarua wa mashamba yake. Zamani mafuta yalikuwa yakichacha. Malori yalikwama kwenye tope, mapipa yakakaa, na yalipofika kwa vibarua yalinuka kiasi kwamba waliyamwaga. Kampuni ilichunguza jambo hilo kwa makini ikagundua kwamba vibarua wana kiburi.

Ndipo ikaletwa dawa. Ilikuwa unga mweupe ndani ya makopo, haukutoka kwenye mti wala kwa mnyama, bali ulitengenezwa kiwandani ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kuyazuia mafuta yasichache. Maelekezo yalisema kijiko kimoja cha chai kwa pipa zima, tena kisijae. Lakini msimamizi wa ghala, Mwingereza ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Makopo, alikuwa mtu wa hesabu. Kama kijiko kinayahifadhi mafuta kwa miezi, alisema, basi kopo zima litayahifadhi mpaka yeye atakapostaafu na kurudi kwao. Wakatia kopo.

Methusela ndiye aliyekoroga, kwa sababu alikuwa na mikono mirefu ya kuvuta kamba ya kengele. Alikoroga, akaonja kila pipa asubuhi kuhakikisha halijachacha, na kwa kuwa alikuwa mfanyakazi mwema alipewa heshima ambayo wengine hawakupewa: mafuta yanayobaki chini ya pipa yalikuwa yake. Unga ule haukuyeyuka wote. Sehemu kubwa ilizama. Kila mchana Methusela alikwangua heshima yake, akaitia kwenye maharage, akala.

Siku moja alileta debe nyumbani. Zipora alikaangia mboga, watoto wakaonja, wakatema, wakasema ni mshumaa. Yeye mwenyewe alionja akaona ni kweli. Methusela alisema wanakataa chakula cha kisasa kwa ushamba wao, naye akala sahani zote nne ili kisiharibike. Mafuta yaliyobaki Zipora aliyapaka kwenye bawaba za mlango.


Hospitali ya misheni waliyompeleka mwezi wa kumi ilikuwa na daktari Mzungu mwembamba, aliyejifunza Kiswahili kitabuni. Aliuliza kama mgonjwa anakunywa. Alipoambiwa hapana, aliuliza tena kwa sauti kubwa zaidi, kwa imani ya watu wengi kwamba ukweli husikia vizuri ukipigiwa kelele. Ukweli haukubadilika. Basi akaketi, akauliza kuhusu kazi, na Methusela akamweleza habari za pipa, unga mweupe na heshima ya chini.

"Kiasi gani?" daktari aliuliza.

Methusela alionyesha kwa mikono ukubwa wa kopo. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Alikuwa mtu mwema, akajitahidi kueleza. Ini, alisema, ni kama jiko la mwili. Kila kinachomezwa hupelekwa pale, likivunjevunje, lichukue cha kufaa, litupe kisichofaa. Likiletewa kitu kigeni hulazimika kujifunza kukipika. Likiletewa kidogo, huweza. Likiletewa kingi kila siku, hufanya kazi usiku na mchana, na huvimba.

"Kwa hiyo ni ule unga," Zipora alisema.

"Sijui. Kwa kiasi kidogo wanasema hauna neno. Kwa kiasi hicho cha bwana wako, hakuna mtu aliyepata kuula. Wamejaribu kwa panya."

"Panya wakawaje?"

"Niliposoma, waliokula mwingi maini yao yalikuwa makubwa."

"Na wao walisemekana wanakunywa?"

Daktari hakucheka. Zipora akamwomba jambo moja tu: amwambie mchungaji kwamba ini hili halikuharibiwa na ulanzi. Daktari alifikiri sana. Mwisho akasema hawezi kushuhudia asilolijua. Inaweza kuwa unga. Inaweza kuwa ugonjwa mwingine wa ini, nayo yako mengi. Na kama mgonjwa anaficha, inaweza kuwa pombe. Alikuwa mwaminifu kabisa. Uaminifu wake haukumsaidia mtu yeyote.


Ndipo Zipora akapanda basi kwenda Makambako. Upepo wa pale haukuwa na adabu. Ulimrushia vumbi mdomoni tangu aliposhuka. Langoni mwa ghala alikutana na nyapara Filbert, aliyekuwa akila meza moja na Methusela. Filbert alimsalimia kamwene, akauliza hali ya mgonjwa, halafu akamwambia asubiri nje, maana wanawake hawaingii ghalani kwa ajili ya usafi wa chakula. Kupitia uwazi wa lango Zipora aliona kijana mwingine amepanda juu ya kibao, anakoroga pipa, jasho linamdondokea humohumo.

Bwana Makopo alitoka baada ya chakula chake cha mchana. Alisikiliza, Filbert akitafsiri pale Kiswahili chake kilipokwama. Akasema Methusela ni mfanyakazi bora, hajawahi kumwona amelewa hata siku moja, na Kampuni inasikitika.

"Basi aandike hivyo tu," Zipora alimwambia Filbert. "Kwamba hakuwahi kumwona amelewa. Mchungaji akisikia kwa Mzungu ataamini."

Filbert alitafsiri. Bwana Makopo akatazama viatu vyake. Walizungumza wawili wao kwa muda, kisha Filbert akageuka, naye hakumtazama Zipora usoni.

"Shemeji, Bwana anasema hivi. Akisema si pombe, watu watauliza ni nini. Na yeye hajui ni nini. Kwa hiyo ni afadhali asiseme."

"Mwambie nimeelewa. Pombe ina faida."

Filbert hakuitafsiri hiyo. Bwana Makopo aliamuru liletwe debe la mafuta, jipya, limefungwa, zawadi ya Kampuni kwa familia. Aliligonga juu kwa kidole, akasema mwenyewe kwa Kiswahili, kwa fahari ya mtu aliyejifunza sentensi nzima: "Hayachachi, mama. Hata mwaka."

Zipora alimshukuru, akasema mikono yake imejaa. Ilikuwa mitupu.


Njiani kurudi aliamua kwamba Methusela atatubu. Lilikuwa jambo rahisi: asimame, aseme alikunywa, wazee wafurahi kwamba waliona, apewe meza, apigiwe kengele. Watu wanatubu makubwa kuliko hilo kila mwaka, tena waliyoyatenda. Lakini Methusela alikataa. Alisema hajapata kusema uongo ndani ya kanisa, na si vizuri kuanza wakati anakaribia kumwona mwenye kanisa.

Zipora akamwita Odilo. Huyu alikuwa jirani yao, Mpangwa aliyetoka pande za Lugarawa, Mkatoliki, mgema wa ulanzi anayejulikana mpaka mjini Njombe. Alikuwa amekunywa tangu ujana wake na macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Mzee Festo alipoulizwa habari hiyo alijibu kwamba Wakatoliki wana hukumu yao peke yao.

Odilo aliketi kwenye kigoda, amefurahi kuitwa kwa ajili ya elimu yake. Alisema toba ya mlevi lazima iwe na ladha, la sivyo wazee watashuku. "Sikiliza, Mgaya. Ulanzi wa siku ya kwanza ni mtamu, mtoto anakunywa. Wa siku ya pili unauma ulimi. Wa siku ya tatu unampenda kila mtu, hata mkwe wako. Wa siku ya nne unamdai mtu ambaye hujawahi kumkopesha."

Methusela alicheka mpaka akashika ubavu wake wa kulia, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Walingoja mpaka kilipopita.

"Nitaharibu," alisema. "Wataniuliza nilikunywa na nani. Nimtaje nani? Kila nitakayemtaja naye atatengwa. Wataniuliza nani aliniuzia."

"Nitaje mimi," Odilo alisema. "Mimi kanisani kwenu siwezi kutengwa zaidi ya nilivyo."

"Hapana. Nitasema kweli, basi."

"Kweli umeshaisema," Zipora alimwambia. "Umeisema hospitali, umeisema kwa wazee, umeisema kitandani. Imekusaidia nini, Baba Idda?"

Methusela alivuta blanketi mpaka kidevuni. Idda, binti yao mkubwa, aliendelea kupepeta ulezi jikoni.


Jumapili ya Majilio, kabla ya Krismasi, walimbeba kwenye kiti mpaka kanisani. Kanisa lilijaa, maana habari za toba huwavuta hata watu ambao mahubiri huwashinda. Mchungaji Elieza, mzee mpole aliyechoka, alimsogelea pale benchi la nyuma, akamwuliza kama ana neno la kuliambia kundi.

"Nina neno," Methusela alisema. Sauti yake, iliyokuwa ikiimba besi na kutikisa madirisha, haikufika nguzo ya pili. "Sikunywa."

Watu walinung'unika. Mzee Festo alisimama, akasema kwa huzuni kubwa kwamba ndugu yetu anachagua ugumu wa moyo, na kwamba macho yake yenyewe yanamshuhudia, kila mtu atazame. Kila mtu akatazama. Methusela aliinamisha uso, na Zipora akaona kwamba mumewe, aliyekuwa ameitazama kengele kwa miaka yote, sasa alikuwa akiona haya kwa rangi ya macho yake.

Zipora akasimama.

"Mchungaji, mume wangu amesema kweli. Hajui. Mimi ndiye niliyemnywesha."

Vichwa vyote vikageuka. Ulimi wa Zipora ulikuwa umekwisha ondoka.

"Alipokuwa akija nyumbani kutoka Makambako alikuwa amechoka. Niliambiwa ulanzi huongeza nguvu. Nikawa namtilia kwenye uji wa ulezi bila yeye kujua. Hakuona ladha. Hajawahi kuijua, angeitambuaje?"

"Ulinunua kwa nani?" Mzee Festo aliuliza upesi.

"Sikununua, baba. Niligema mwenyewe, mianzi yetu ya nyuma ya nyumba."

"Lini?"

Zipora alimtazama usoni. "Mwezi wa saba."

Hakuna mtu ndani ya kanisa lile, kuanzia watoto wa shule ya Jumapili mpaka bibi kizee asiyesikia, ambaye hakujua kwamba mwezi wa saba ni mwezi wa sakitu, umande unapoganda mashambani. Mianzi husimama mikavu kama fito za uzio. Unaweza kuikata ncha, ukaikingia pipa, ukaiombea. Haitoi tone mpaka mvua irudi. Na tangu dunia iumbwe, mwanamke hakuwahi kuonekana akigema. Mzee Festo alizaliwa katikati ya mianzi. Baba yake, kabla hajaokoka, alikuwa mgema.

Zipora alingoja. Alimpa nafasi. Alimpa hata nafasi ya pili, kwa kurudia: "Mwezi wa saba, baba. Katikati."

Mzee Festo alikohoa. Aliwatazama wenzake wawili, wenzake wakatazama dari. Jambo lilikuwa limepata mwenyewe, wazee walikuwa wameona sawasawa kwamba ulanzi ulikuwemo, mgonjwa alikuwa ameshuhudia sawasawa kwamba hakunywa, na chakula cha mchana kilikuwa kinakaribia.

"Baraza limesikia," alisema.

Hivyo Methusela akarudishwa kundini, na Zipora akatengwa, katika ibada moja, bila hata kubadilisha wimbo. Alikuwa amemdanganya mumewe na kumlevya mtu wa Mungu; asingekanyaga ndani ya kanisa mpaka baraza litakapoona vingine. Methusela alikuwa amefungua mdomo kusema, lakini Mchungaji Elieza, aliyekuwa mpole lakini hakuwa mjinga, alimwekea mkono begani akaanza kuomba, akaomba kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Jioni ile, walipokuwa wawili, Methusela alimwambia: "Umesema uongo kanisani."

"Nimesema."

"Mbele ya madhabahu."

"Madhabahu ilikuwa mbali. Mimi nilikuwa nyuma."

Alimtafuta mkono juu ya blanketi. Mkono wake ulikuwa wa manjano mpaka kwenye kucha. Kesho yake mchungaji alipokuja na mkate na kikombe, Zipora ilimbidi atoke nje, maana hakustahili kuwepo. Alisimama karibu na ukuta, akasikia maneno yote. Kulikuwa na kimya kirefu katikati, akaogopa kwamba mumewe amekataa. Halafu akamsikia akisema, taratibu, "Mungu anajua mwezi wa saba," kisha akapokea.


Alikufa mwezi wa kwanza, mvua zimeshika, barabara ya Makambako imefungwa kwa tope. Methusela wa kwenye Biblia aliishi miaka mia tisa sitini na tisa. Huyu wa Njombe hakufika hamsini, lakini inaaminika yule wa kwanza hakupata ajira.

Kengele ilipigwa. Ilipigwa na mpwa wa Mzee Festo, vibaya, kama mtu anayewafukuza nyani shambani, lakini ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, na watu waliokuwa wakipalilia waliegemea majembe yao wakaulizana ni nani. Ndani ya kanisa waliimba beti zote. Mzee Festo alitoa neno, akamsifu marehemu kwa kiasi chake katika vileo, maana hakuvijua hata alipovinywa.

Zipora aliyasikia hayo kupitia dirishani. Alikuwa amesimama nje kwenye manyunyu, kitambaa cheusi kichwani. Aliyekuwa karibu naye ni Odilo peke yake, ambaye kwa dini yake hakupenda kuingia, na kwa harufu yake asingeruhusiwa. Alikuwa amevaa koti la mvua la jeshi na kitu kimechomoza kifuani.

"Pole, shemeji. Ningekuwa na kingine cha kukupa ningekupa."

"Umebeba nini?"

Odilo aliona haya. Ilikuwa ni mbeta yake, kipande cha mwanzi alichokingia jana yake, akaogopa kukiacha nyumbani kwa sababu ya wanawe. Zipora alinyoosha mkono. Odilo alisita, akatazama mlango wa kanisa, halafu akampa. Zipora alikunywa funda moja, akangoja, akanywa la pili. Ulikuwa mtamu, na baridi, na mwishoni ulikwaruza kidogo.

"Ndio huu?"

"Ndio huu, shemeji. Wa jana."

"Ndio wanaosema umemuua?"

Odilo alionyesha kanisani kwa kidevu. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Jeneza lilikuwa linatoka, na nyuma yake wazee watatu, na nyuma yao Idda na ndugu wengine wakilia. Mzee Festo aliona mwanzi mkononi mwa Zipora na mdomo ulioloa, akasimama pale kizingitini, hata waliokuwa nyuma yake nusura wamgonge.

Zipora alimrudishia Odilo mbeta yake, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitambaa.

"Haya, baba," alisema. "Sasa nina la kutubu."

Akaenda kaburini kwa mumewe, akiwapita wote, na watu wakampisha.